Ijue Lantana kwa Mkono Kabla ya Kushika Jembe

Maneno haya yalisemwa na afisa wa ugani wa kilimo katika baraza la wakazi kwenye milima ya Taita, wiki chache kabla ya mvua za vuli. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Mmeitwa hapa kwa sababu ya kazi ya kusafisha kando ya barabara. Kazi hiyo itaanza mvua zikinyesha na udongo ukilainika. Wengi wenu mlidhani leo tutazungumza juu ya majembe, malipo na zamu za vijiji. Hayo Bi Msimamizi atayasema baada yangu, na najua ndiyo mnayoyangoja. Mimi nimeomba nitangulie niseme juu ya kichaka kimoja tu, kwa sababu mtu anayepewa jembe na kuambiwa "ng'oa kile kibaya" bila kuonyeshwa kibaya ni kipi atang'oa kilicho karibu na mkono wake.

Najua hivyo kwa sababu niliwahi kuwafanyia watu jambo hilo.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana mgeni kazini, nilitumwa kijiji kimoja cha milimani nikawafundishe kina mama kuondoa lantana. Nilikuwa na karatasi moja yenye picha: maua mekundu yaliyochanganyika na rangi ya chungwa. Ilikuwa kiangazi, na hakukuwa na ua hata moja barabarani. Nikaona vichaka kwenye ukingo juu ya barabara, majani yake makavu makavu, yamekwaruza kama msasa. Nikasema, "Ndiyo hii." Kina mama walichimba siku mbili. Walinipikia na chai. Mvua ziliponyesha, ule ukingo uliobaki mtupu ukateremka na kipande cha shamba la mzee mmoja kikateremka nao, mahindi yakiwa bado machanga. Kile kichaka hakikuwa lantana hii mbaya. Kilikuwa ndugu yake, asiye na miiba, aliyekuwa amekaa pale akiushika udongo bila kumsumbua mtu.

Na lantana yenyewe ilikuwako kijijini. Ilikuwa imepandwa kama pambo kando ya banda la ng'ombe wa mama mmojawapo kati ya wale waliochimba. Maua yake yalikuwa ya waridi na manjano, si mekundu kama ya kwenye karatasi yangu, kwa hiyo nilipita nikaisifu. Nilimwambia, "Mama, una bustani nzuri." Mwaka uliofuata kiangazi kilikuwa kirefu zaidi. Ng'ombe wake wa maziwa, mmoja tu aliyekuwa naye, alifikisha shingo juu ya mbao za banda akala alichokipata. Alikufa baada ya siku kumi na kitu, na mimi ndiye niliyeitwa kuandika ripoti.

Tangu siku ile simfundishi mtu mmea kwa picha.

Sasa tuuangalie wenyewe. Hili tawi nililoshika nimelikata asubuhi kwenye mtaro, si mbali na hapa. Jina lake kwa wataalamu ni Lantana camara, na huku kwetu wengi husema lantana tu. Asili yake si Afrika. Ilitoka nchi za joto za Amerika, ikapelekwa Ulaya kama ua la bustani, na kutoka huko ikasambazwa duniani na watu walioipenda kwa uzuri wake. Hakuna aliyeileta kwa nia mbaya. Leo imo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, iliyotolewa na muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN.

Haifi kwa msimu kama mahindi au mbaazi zilizozeeka. Inaishi miaka mingi, inakua hadi mita 2, 3 au 4, na ikipata mti wa kuegemea inapanda zaidi. Mahali inapopenda ni pale ardhi ilipochokozwa: kando ya lami, kwenye machimbo ya changarawe, chini ya nyaya za umeme, kwenye shamba lililoachwa na mwenyewe akaenda Mombasa, ukingoni mwa msitu palipokatwa kuni. Greda ikipita leo, mwakani mtaikuta. Katikati ya msitu mnene wenye kivuli haifanyi vizuri. Lakini mkate mti mmoja, jua liingie, nayo itaingia na jua.

Anza na shina. Usiangalie, shika. Lakini shika polepole, maana lina miiba midogo iliyopinda kurudi nyuma kama ukucha wa paka. Ukipitisha kidole kutoka juu kwenda chini unaweza usiisikie. Ukirudisha kidole juu itakushika. Zungusha shina changa kati ya vidole viwili: halizunguki kama penseli ya duara, linagota gota, kwa sababu lina pembe nne. Shina la zamani karibu na ardhi huwa la duara na lina gamba la kijivu, kwa hiyo chagua tawi changa. Na nisikilizeni hapa: kuna lantana za bustani ambazo miiba yake ni michache mno au haipo kabisa. Ukikosa mwiba usiiache huru bado. Endelea na majani.

Majani hutoka mawili mawili, moja likitazamana na lenzake kwenye kila kifundo. Kila jani lina umbo la yai lenye ncha, ukingo wake una meno kama msumeno mdogo, na juu yake limekwaruza. Sasa lisuge mkononi mwako unuse. Nani anataka kunusa? Njoo mama. Wengine hapa watasema linanuka kama mkojo wa paka, wengine watasema kama dawa ya mafuta. Yote mawili ni sawa. Ni harufu kali inayokaa kwenye vidole hata baada ya kunawa mara moja. Ukishaikumbuka harufu hiyo, hata gizani utaijua.

Maua ndiyo yaliyonidanganya mimi. Yanakaa vikonyo vingi pamoja, kichwa kimoja chenye upana wa sarafu ya shilingi ishirini au zaidi kidogo. Usitafute rangi fulani. Kuna lantana nyekundu na chungwa, kuna ya waridi na manjano, kuna iliyo karibu nyeupe yenye manjano katikati. Tafuta jambo hili: katika kichwa kimoja, maua ya katikati yana rangi moja na yale ya pembeni yana rangi nyingine. Hii ni kwa sababu kila ua hubadilika rangi linapozeeka, na yale ya pembeni hufunguka kwanza. Ukiona kichwa kimoja chenye rangi mbili au tatu, hicho ni kidokezo kikubwa.

Halafu matunda. Ua likianguka, pale pale hutoka kishada cha vitunda vya duara, kila kimoja kikubwa kuliko mbegu ya pilipili manga kidogo. Kwanza ni kijani na vigumu. Vikiiva huwa vyeusi vyenye kung'aa, weusi unaoelekea buluu, kama shanga zilizopakwa mafuta. Kamua kimoja: nyama yake ni kidogo, na ndani mna kokwa gumu. Hapo ndipo ilipo siri ya kuenea kwake. Yule ndege tunayemwita shore, mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, anavipenda mno. Anakula hapa, anatua kwenye waya wa simu au kigingi cha fensi kule, na anaacha mbegu chini pamoja na mbolea yake. Ndiyo maana mara nyingi mtaona lantana imejipanga chini ya fensi kama iliyopandwa na mtu. Kichaka kimoja kikubwa kinaweza kuzaa matunda hadi 12,000 kwa mwaka. Sijayahesabu mimi, lakini aliyewahi kufagia uwanja karibu na kimoja hatabisha.

Sasa kwa wale wanaofanana naye. Hapa ndipo nawaomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza nguvu zao na kingo zao za barabara.

Wa kwanza ni ndugu zake wa damu, kama yule niliyewang'olesha kina mama. Afrika ina lantana zake. Mmoja hata jina lake la kitaalamu, ukambensis, limetokana na Ukambani kwa jirani zetu. Hana miiba. Majani yake mara nyingi hutoka matatu kwenye kifundo kimoja, ingawa utakuta pia yaliyotoka mawili. Maua yake ni ya zambarau au waridi, na matunda yake yakiiva ni ya zambarau angavu, si meusi. Yuko mwingine mwenye maua meupe matupu. Hawa hawafanyi vichaka vya kufunga njia. Mkiwakuta kwenye ukingo, waacheni.

Wa pili ni ule mmea wa maua madogo meupe ambao wengine wenu mnauchoma jioni kufukuza mbu. Wataalamu wanauita Lippia. Nao una majani yaliyokwaruza na harufu kali, lakini harufu yake ni nzuri, karibu na limau au mnanaa, na hauna vitunda vya nyama, ni vimbegu vikavu tu. Kuung'oa ni kujinyima.

Wa tatu ni mtunguja. Sitaki kukaa kwake sana, maana kila mtoto anaujua. Miiba yake ni mirefu, iko mpaka juu ya majani, na tunda lake ni la manjano kama nyanya ndogo. Jani lake hutoka moja moja, halina mwenzake mkabala. Huo ni wa huku huku kwetu, ingawa nao si rafiki wa malisho.

Wa nne ni mnavu. Mtacheka, lakini tunda la mnavu ni jeusi, na tunda la lantana ni jeusi, na mtoto wa miaka mitatu hajui tofauti ya mboga na kichaka. Tunda la mnavu ni laini na lina vimbegu vingi ndani kama nyanya. La lantana lina kokwa moja gumu. Na huku milimani kuna vile vitunda vya miiba watoto wanavyochuma njiani kwenda shule, vilivyoshikana kama ngumi. Kishada cha lantana ukikitazama upesi kinafanana navyo. Lakini vile vimeungana vikawa tunda moja. Vya lantana kila kimoja kiko peke yake, unakibandua.

Mzee mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: wakati wa kiangazi, hakuna ua, hakuna tunda, nitaijuaje? Mzee wangu, swali hilo ndilo lililonishinda mimi wakati ule. Jibu ni shina la pembe nne, majani mawili yanayotazamana, ukwaruzo, na harufu. Ukipata yote manne na mwiba juu yake, umeipata. Ukipata matatu, usichimbe. Kata tawi, leta ofisi ya wadi.

Nije kwenye mifugo, ambako hasara iko.

Mbuzi wa mwituni au ng'ombe aliyezaliwa kwenye lantana kwa kawaida huiepuka. Hapendi harufu wala ukwaruzo. Wanaokula ni wanyama wenye njaa, wanyama waliohamishwa kutoka mahali ambako haipo, na wale ambao hawana nafasi ya kuchagua. Hao wa mwisho ndio wetu. Huku juu tunafuga ndani ya banda. Ng'ombe hatoki, mama au kijana ndiye anayekwenda kukata majani kando ya barabara, anafunga mzigo, anauweka kwenye hori. Wakati wa mvua mzigo ni nepia na majani laini. Septemba ikifika, nepia imekwisha, na mundu unakata chochote kilicho kijani. Lantana iko kijani hata kiangazi. Ikiingia katikati ya mzigo, imekatwakatwa na kuchanganyika, ng'ombe mwenye njaa hataitenga. Kukauka hakuondoi sumu, kwa hiyo msiseme tutaianika kwanza.

Kiasi gani? Majani mabichi yenye uzito wa karibu asilimia moja ya uzito wa mnyama yanatosha kumdhuru. Ng'ombe wa kilo 300, hiyo ni kilo 3. Nendeni nyumbani mkapime kilo tatu za majani mwone ni rundo dogo namna gani. Wengine husema ya maua mekundu ndiyo yenye sumu na nyingine ni salama. Ni kweli kwamba aina hutofautiana kwa ukali, lakini sitawashauri mjaribu kwa ng'ombe wenu.

Sumu yake hupiga ini. Ndani ya siku moja au mbili mnyama anaacha kula, tumbo linasimama, hacheui, hapati choo au anatoa choo kigumu kidogo. Mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Fungueni kope na ufizi: nyeupe imekuwa manjano. Kisha anaanza kukimbia jua. Ini likishindwa kufanya kazi, kuna kitu kutoka kwenye majani ya kijani kinachobaki kwenye damu, na jua likipiga ngozi, ngozi inaungua. Inaungua pale penye rangi nyeupe na pale pasipo na manyoya mengi: pua, masikio, kiwele. Ng'ombe wa mabaka anachubuka kwenye baka jeupe, na baka jeusi linabaki zima. Mkiona hivyo msimpake mafuta ya taa, na msidhani amerogwa au amemwagiwa maji moto na jirani. Nimewahi kuitwa kuamua ugomvi wa namna hiyo.

La kufanya ni haya. Mtoeni kwenye hori upesi na yale majani yote muyatoe. Muwekeni kivulini, kivuli cha kweli, si cha mti wenye majani mawili. Mpeni maji. Mwiteni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, msingoje aanguke. Na mbakizie yale majani aone. Haraka hiyo ina maana, kwa sababu tumbo likisimama, majani yale yanabaki mle mle yakiendelea kutoa sumu kila siku. Daktari akiwahi anaweza kumnywesha makaa ya dawa, kwa wingi sana, yakainyonya sumu kabla haijaingia mwilini. Makaa ya jikoni si hayo. Akichelewa wiki, kilichobaki ni kidogo.

Kuhusu watoto, sitaki kuwatia hofu isiyo na kipimo. Matunda yaliyoiva watu wengi hapa waliyala utotoni, na mimi nimeyala. Mabichi ya kijani ndiyo ya kuogopa. Mwaka 1964 madaktari wa Florida, Marekani, waliandika habari za watoto waliodhurika kwa kula matunda hayo, na mmoja wao alifariki. Watoto wengi wanaokula machache hutapika na kuumwa tumbo, kisha wakapona. Lakini mtoto mdogo hajui kijani na cheusi, wala hahesabu. Akila, mpelekeni zahanati na mkachukue tawi pamoja naye. Msimtapishe kwa maji ya chumvi nyumbani.

Mwaka huo huo wa 1964 lilitokea jambo huku kwetu Kenya ambalo wazee wa Nyanza hawajalisahau. Kule Alego, ambako leo ni Kaunti ya Siaya, kulizuka ugonjwa wa malale. Waliochunguza walikuta mbung'o wa kando ya maji wameacha mito na kuhamia kwenye vichaka vya lantana vilivyozunguka maboma, mlangoni kabisa pa watu, wakinyonya damu ya ng'ombe na ya watu kwa zamu. Na ng'ombe wale wale walikuwa wamebeba vijidudu vya ugonjwa bila kuugua. Sisemi kwamba malale yapo hapa. Nasema kichaka kizito, chenye giza na unyevu chini yake, kikiwa hatua kumi kutoka mlangoni, hakikai bila wapangaji. Kikikosa mbung'o kitapata nyoka.

Najua mnachokifikiria, kwa sababu mama mmoja amekwisha kunong'ona. "Hii ndiyo fensi yangu." Ni kweli. Lantana ni fensi isiyohitaji fundi wala waya, mbuzi haipiti, kuku haendi kwa jirani. Majani yake makavu watu huyatandaza juu ya viazi ghalani kufukuza wadudu. Nyuki nao na vipepeo wanaitembelea. Serikali ikija ikasema "ondoa" halafu ikaenda zake, imekuacha bila uzio, na mbuzi wa jirani hawatangoja. Kwa hiyo sitamwambia mtu aondoe fensi yote kwa siku moja. Ondoa kwanza ile iliyo karibu na banda, hori na mahali watoto wanapochezea. Nyingine ikate fupi kabla haijazaa, usiiruhusu kutoa matunda, huku ukipanda kitu kingine mbele yake. Kayaba inafunga vizuri, ingawa nayo ni mgeni na inataka kukatwa. Mnyaa unashika hata kwenye ukame, lakini utomvu wake ni hatari kwa macho, basi usiupande watoto wanapocheza. Hakuna fensi isiyo na lawama.

Kwa wanaokwenda barabarani, nitasema jinsi ya kung'oa. Kukata kwa panga peke yake ni kuipogoa. Itachipua kutoka kwenye kisiki, mashina matano mahali pa moja. Moto nao ni hivyo hivyo: unaua miche ya miti mingine, lantana inarudi kutoka chini na kukuta nafasi zaidi. Miche midogo ing'olewe kwa mkono udongo ukiwa na maji. Kichaka kikubwa kikatwe kwanza juu, kisha kisiki kichimbwe pamoja na lile gogo la mizizi chini ya ardhi. Matawi yasiachwe yamelala kwenye udongo mbichi, maana yanaota mizizi. Yapangwe juu ya mawe yakauke. Vaeni glavu, au hata gunia mkononi.

Na msifungue ukingo wote kwa mara moja. Hilo nalisema kwa mzee yule ambaye mahindi yake yaliteremka. Chimbeni mistari, kutoka juu kwenda chini, hatua chache kisha muache hatua chache. Panapochimbwa pandwe siku hiyo hiyo nepia au makarikari, kabla ya kwenda nyumbani. Vipande vilivyobaki vichimbwe nyasi ikishashika. Baada ya miezi mitatu lazima mtu arudi, kwa sababu mbegu zilizo ardhini zitaota mara zikiona jua. Nimemwomba Bi Msimamizi aweke zamu ya kurudi kwenye mpango pamoja na ya kwanza, na malipo yake, kwa sababu bila ya pili ile ya kwanza ni mchango wetu kwa lantana. Barabara hizi ni za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na kilimo vilevile, kwa hiyo hapana ofisi ya mbali ya kusingizia.

Kwa aliye na shaka nyumbani: kata tawi la urefu wa mkono, lenye jani, na ua na tunda kama vipo. Lilaze ndani ya gazeti, usilitie kwenye mfuko wa plastiki litaoza. Andika umelitoa wapi. Leta ofisi ya wadi siku ya soko, nitakuwepo asubuhi.

Nimemaliza upande wangu. Hapa mezani nimeweka matawi matano: lantana, ndugu yake wa zambarau, Lippia, mtunguja na mnavu. Sikuandika majina. Viongozi wa vijiji watakaochukua majembe wapite kwanza, mmoja mmoja, wafunge macho, washike shina, wanuse jani, waniambie ipi ni ipi. Atakayekosea arudi mwisho wa foleni. Maji ya kunawa na sabuni yako kwenye ndoo ile ya kijani, na tafadhali msiguse macho kabla ya kunawa. Karibuni.